Umepata? Nimepata: historia ya mtandao unaokatika

Sikiliza simu yoyote inayopigwa kutoka huku kwenda Tanga, Unguja au Mombasa, halafu hesabu maneno ambayo hayana habari ndani yake. "Haloo? Unanisikia? Nakusikia. Wewe je? Rudia hapo, ulikatika. Basi kata, nitapiga mimi." Hapo hamjajuliana hali bado. Sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tunawacheka wazazi kwa hilo, na kwa kupaza sauti, utafikiri sauti ndiyo inayovuka bahari.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu kutuma pesa nyumbani, nikasema kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni hayohayo ya "unanisikia?", ila yameandikwa kwa lugha ya kompyuta. Wengi mmeuliza nilikuwa na maana gani. Dakika tano za kipindi hazikutosha, kwa hiyo nimekaa niandike. Ni historia ya swali moja: ukituma kitu na jibu lisirudi, unafanya nini?

Swali linaonekana la kitaalamu. Kwa familia zetu ni la heshima. Ukisema "nimetuma" na shangazi akasema "mbona haijafika", mmoja wenu ataonekana mwongo.

Risiti ilikuwa inauzwa

Tuanze zamani kidogo. Mwaka 1879 mkongo wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Kabla yake, habari ilikwenda na meli. Baada yake, neno liliweza kutoka Zanzibar na kufika London ndani ya muda mfupi, likipokewa kituo kimoja na kupelekwa kingine. Kila kituo kiliandika kilichopokea, kikakituma mbele.

Kilichonivutia mimi ni kanuni za kimataifa za telegramu za enzi hizo. Mtumaji aliweza kulipa zaidi ili ujumbe wake urudiwe neno kwa neno kwenye kila kituo, kuhakikisha haukukosewa. Aliweza pia kulipa zaidi ili aletewe taarifa kwamba ujumbe umemfikia mhusika, siku gani na saa ngapi. Yaani "umepata?" na "nimepata" zilikuwa na bei yake. Mfanyabiashara wa karafuu aliyetaka kulala usingizi aliinunua. Asiyekuwa na uwezo alituma tu, akabaki na dua.

Watu wa telegrafu walijua jambo ambalo kila kizazi cha mafundi kimelisahau na kulijifunza upya: kutuma na kufika ni vitu viwili.

Hawaii, watu wawili wakisema pamoja

Ruka mpaka 1971. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa kisiwani Oahu na watumiaji waliotawanyika visiwani. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio badala ya nyaya za simu. Mtandao wao wakauita ALOHAnet.

Shida ilikuwa hii: vituo vyote vilitumia masafa mamoja ya redio kutuma. Viwili vikisema kwa wakati mmoja, ujumbe wote unaharibika, kama watu wawili wanaosema pamoja kwenye simu mbovu. Sasa wangefanyaje? Wangeweza kuweka mtu wa kugawa zamu. Hawakuweka. Kila kituo kiliruhusiwa kutuma kikitaka. Kompyuta kuu ikipokea salama, inajibu "nimepata". Kituo kisipopata jibu hilo, kinasubiri kidogo na kutuma tena.

Siri yote ipo kwenye hilo "kidogo". Kama kila kituo kingesubiri sekunde moja kamili, viwili vilivyogongana vingegongana tena baada ya sekunde moja, na tena, na tena. Kwa hiyo kila kimoja kilisubiri muda wa kubahatisha. Fikiria mnapokutana mlangoni na mtu, kila mmoja anampisha mwenzake, halafu wote mnaingia pamoja. Mnatoka kwenye mkwamo pale tu mmoja anapochelewa kuliko mwenzake.

Njia hii ilipoteza nafasi nyingi. Ukipiga hesabu, mtindo wa kwanza wa ALOHA unaweza kutumia kama asilimia 18 tu ya uwezo wa njia yake. Ila ulifanya kazi, na haukuhitaji msimamizi. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, aliyeisoma kazi ya Abramson, akaanza kubuni Ethernet kwenye maabara ya Xerox kule California. Kwenye Ethernet kituo kikigongana na kingine kinaongeza muda wa kusubiri: kikikosa mara moja kinasubiri kidogo, kikikosa tena kipimo cha kusubiri kinazidishwa mara mbili, na tena mara mbili. Programu zote nzuri za simu leo zinafanya hivyo. Ukiona programu inasema "tutajaribu tena baada ya sekunde 2", halafu 4, halafu 8, hiyo ni Hawaii na Xerox ndani ya mfuko wako.

Mita mia nne kasoro

Kwa nini usubiri? Si ujaribu tu haraka haraka mpaka ipite?

Jibu lilikuja Oktoba 1986, tena kwa aibu. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni mwendo wa yadi 400 tu, hazifiki mita 370. Mtoto angeipeleka barua kwa miguu. Njia ya kompyuta kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa inapitisha biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla ikashuka mpaka biti 40. Arobaini! Zaidi ya mara mia saba chini.

Hakuna waya uliokatika. Kilichotokea ni kwamba njia ilijaa, majibu yakachelewa. Kila kompyuta ikadhani ujumbe wake umepotea, ikatuma tena. Nakala hizo zikazidi kuijaza njia, majibu yakachelewa zaidi, nakala zikazidi. Kama daladala imekwama Kariakoo na kila dereva nyuma yake anasogea ili apite yeye. Kusogea kwenyewe ndiko kunakofunga barabara.

Van Jacobson, aliyekuwa maabara hiyo, akashirikiana na Michael Karels, na mwaka 1988 akachapisha suluhisho: anza polepole, pima jibu linachukua muda gani kurudi, na ukiona dalili ya msongamano punguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa. Intaneti tunayoitumia iliokolewa na adabu hiyo. Wazee wanasema haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa nikidhani ni maneno ya kumzuia mtoto asikimbie ndani ya nyumba.

Sentensi moja ya 1994

Miaka ya tisini kompyuta nyingi zilianza kufanya kazi pamoja kupitia mtandao, na mafundi wapya wakarudia makosa ya zamani. Kwenye kampuni ya Sun Microsystems ikakusanywa orodha ya mambo ambayo mafundi huyaamini na yote si kweli. Orodha hiyo hutajwa zaidi kwa jina la Peter Deutsch, mwaka 1994. La kwanza kabisa: kwamba mtandao unategemewa. La pili: kwamba ujumbe haichukui muda kufika. La tatu: kwamba njia haina ukomo wa upana.

Nilipoisoma chuoni, niliona ni orodha ya mambo ambayo bibi yeyote wa Pwani angekwambia bila kusoma. Ati mtandao unategemewa! Kenya waliwahi kugeuza neno zima kwa ajili hiyo. Sauti ya kampuni ya simu ilikuwa inasema mteja hapatikani, basi "mteja" mitaani ikawa maana yake mtu asiyepatikana. "Nimempigia, ni mteja." Lugha yetu ina neno la kukosa mtandao.

Ujumbe mfupi na pesa

Sasa twende nyumbani.

Tarehe 3 Desemba 1992 ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza, Neil Papworth akimtakia mtu wa Vodafone Krismasi njema. Herufi 160, basi. Udogo huo ulikuwa na sababu: meseji inapita kwenye njia ile nyembamba ambayo simu na mnara hutumia kupeana taarifa za kuunganisha simu. Meseji pia haihitaji nyinyi wawili kuwa hewani kwa wakati mmoja. Inafika kwenye kituo cha kampuni, inahifadhiwa, na simu ya mpokeaji ikiwaka inapelekwa. Ni kituo cha telegrafu kilekile, kinaandika na kutuma mbele.

Vodafone, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza za maendeleo, walifanya majaribio Kenya mwaka 2005 na wakopaji wa mikopo midogo. Nick Hughes na Susie Lonie ndio waliosimamia. Lengo lilikuwa kurejesha mikopo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa kwa wote. Tanzania ikafuata mwaka 2008 kupitia Vodacom.

Ebu fikiria mazingira. Mwaka 2007 mikongo mikubwa ya intaneti ilikuwa haijafika pwani ya Afrika Mashariki. SEACOM na TEAMS zilikuja 2009, EASSy 2010. Kabla ya hapo, mawasiliano ya intaneti yalipanda kwenye setilaiti iliyo juu kama kilomita 36,000, yakashuka, na jibu likapanda na kushuka vilevile: karibu nusu sekunde inaisha angani kabla kompyuta yoyote haijafikiri. Na kwa miaka mingi seva za M-Pesa hazikuwa Kenya. Zilihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya mwaka 2015. Yaani mtu wa Kisumu alimlipa jirani yake, na hesabu ikapigwa Ulaya.

Kwa nini basi haikuanguka? Kwa sababu walioijenga walichukulia tangu siku ya kwanza kwamba mtandao utakatika. Menyu ya Kenya iliwekwa ndani ya kadi ya simu, na maagizo yakasafiri kwa meseji za siri. Hakuna kurasa nzito za kufungua. Tanzania unabonyeza nyota moja tano sifuri nyota sifuri sifuri reli, menyu inakuja hata kwenye simu ya tochi. Menyu hiyo ikikatika katikati unaanza upya. Pesa haihami mpaka uweke namba ya siri na kuthibitisha, na ikihama, meseji inakuja kwako na kwa uliyemtumia. Zote mbili zina namba moja ya muamala, kiasi na saa.

Hapo ndipo penye akili. Kampuni haikuahidi kwamba mtandao utakuwa mzuri. Iliahidi risiti. Ile huduma ya telegramu iliyouzwa kwa mwenye uwezo, sasa kila mama ntilie anayo ndani ya simu yake. Ndiyo maana ukienda kwa wakala hakuamini mpaka meseji yake mwenyewe iingie. Na ndiyo maana familia ikapata lugha mpya: "tuma na ya kutolea", "imeingia", "nisomee ile namba ya muamala". Ugomvi wa nani mwongo ukapungua, kwa sababu kuna shahidi wa tatu.

Simu janja, akili kidogo

iPhone ikaja mwaka uleule wa 2007, na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Programu za simu zikawa zinaongea na seva kwa mfumo wa wavuti: simu inatuma ombi, seva inarudisha jibu. Walioziandika wengi walikaa California na London, ofisini, kwenye Wi-Fi nzuri. Kwao ombi lilikuwa linajibiwa kabla hujapepesa jicho.

Matokeo yake mengi mnayajua. Unabonyeza, skrini inaganda. Ilikuwa inaganda kwa sababu programu iliachia kila kitu, hata kuchora kitufe, ili isubiri jibu la mtandao. Mwaka 2011, kwenye Android 3.0, Google ikaamua kuwa wakali: programu ikijaribu kwenda mtandaoni kwa uzi uleule unaochora skrini, inazimwa papo hapo. Ilikuwa kama mwalimu anayechukua kisu mkononi mwa mtoto. Kuanzia hapo mafundi walilazimika kusubiri jibu pembeni, na skrini ikabaki hai.

Kuganda kulikuwa shida ndogo. Mwaka 2013 kikundi cha wahandisi wa Facebook kilisafiri kuja Afrika, kikanunua simu za kawaida za Android na kujaribu programu yao wenyewe. Waliandika baadaye kwamba ilikuwa nzito, ikaanguka mara kwa mara, na kwamba walimaliza bando zao za mwezi mzima ndani ya dakika 40. Dakika 40! Watu walikuwa wakiishi na programu hiyo kila siku, lakini ilibidi mwenye programu apande ndege ndipo aone. Mwaka 2015 wakatoa toleo jepesi, Facebook Lite. Mwaka huohuo wakaanzisha Jumanne za 2G, siku ambayo mfanyakazi anaweza kuchagua kuonja mtandao wa polepole kwa saa moja.

Wengine walishajua bila kupanda ndege. Tangu 2008 Chuo Kikuu cha Washington kilikuwa kinatengeneza Open Data Kit, na mpango wa afya wa AMPATH, wenye makao yake Eldoret, ulikuwa miongoni mwa walioitumia mapema. Mhudumu anakwenda nyumba kwa nyumba na simu, anajaza fomu, fomu inakaa ndani ya simu. Mtandao ukipatikana, inatumwa. Mhudumu haulizwi kama kuna mtandao, anaulizwa habari za mgonjwa. Kanuni yao ni rahisi: hifadhi kwanza, tuma baadaye. Ninaiona bora kuliko vitabu vingi vilivyokuja kunifundisha kitu hichohicho.

Pauni mia moja na hamsini, mara tatu

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera.

Miaka michache iliyopita mama yangu alituma pauni 150 kwa dada yake mkubwa, Tanga. Alitumia programu ya kampuni moja ya kutuma pesa, jina silitaji. Alikuwa kwenye treni. Alipobonyeza, ikazunguka, ikazunguka, ikaandika: "Imeshindikana. Jaribu tena." Akajaribu tena. Imeshindikana. Mara ya tatu ikakubali.

Zilifika zote tatu. Pauni 450.

Shangazi hakuwa na kosa. Kwake yeye mdogo wake wa Ulaya amemkumbuka, alhamdulillahi, na mabati ya banda la uani yakapigwa wiki ileile. Mama alipogundua, hela ya kodi ya nyumba ilikuwa haipo. Utamwambiaje dada yako mkubwa, aliyekubeba mgongoni, akurudishie pesa? Hakumwambia. Kampuni ikachukua wiki tano kujibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba mteja alibonyeza mara tatu.

Tuangalie nini hasa kilitokea, maana hapa ndipo historia yote inapokutana. Ombi la mama lilitoka kwenye simu, likafika kwenye seva, pesa ikatumwa. Jibu likaanza kurudi, treni ikaingia kwenye handaki. Simu ikasubiri sekunde zake, haikuona jibu, ikaandika "imeshindikana". Huo ulikuwa uongo. Simu haikujua kama imeshindikana. Kitu pekee ilichojua ni kwamba haijui.

Wataalamu walishaliandikia hili tangu 1975, na baadaye kidogo likapewa sura ya majenerali wawili. Wako kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Lazima washambulie pamoja. Mmoja anatuma mjumbe: "kesho alfajiri". Mjumbe anaweza kukamatwa njiani, kwa hiyo anangoja jibu. Wa pili anajibu "sawa", lakini naye hajui kama "sawa" yake imefika, anangoja jibu la jibu. Hawafiki mwisho. Imethibitishwa kihesabu: kwenye njia inayoweza kupoteza ujumbe, hakuna idadi ya "umepata, nimepata" inayoleta uhakika kamili kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo kuna majibu matatu, si mawili: imefika, haikufika, na sijui. Programu mbovu inaligeuza "sijui" kuwa "haikufika". Inapohusu picha ya paka, hamna shida. Inapohusu kodi ya nyumba, umemtia mtu deni.

Dawa ipo na si ghali. Kabla ya kutuma mara ya kwanza, simu inatunga namba ya pekee kwa muamala huo na kuihifadhi. Kila ikijaribu tena, inatuma namba ileile. Seva ina daftari: namba hii nimeshaiona? Kama bado, lipa na uandike. Kama tayari, usilipe, rudisha tu jibu la mwanzo. Hapo mama anaweza kubonyeza mara tatu au mara thelathini, shangazi atapata pauni 150. Wazo la ombi ambalo ukilirudia halibadilishi kitu limo kwenye kanuni za HTTP tangu miaka ya tisini. Wapishi wetu wanalifahamu kwa upande wa pili: mmoja ametia chumvi, mwingine hajui, naye anatia. Kwenye jikoni la shughuli lazima mtu aseme kwa sauti, "chumvi nimetia."

Alama za mtandao zinadanganya

Jambo moja la mwisho la kiufundi, kwa sababu mliuliza: kwa nini simu inaonyesha Wi-Fi imejaa na hamna kinachofunguka?

Kwa sababu alama ile inakwambia umeunganishwa na kile kiboksi kilichopo ukutani. Haisemi kama kiboksi kimeunganishwa na dunia. Hotelini au uwanja wa ndege umeunganishwa, lakini mpaka ukubali masharti yao hutoki. Ndiyo maana Android inajipima yenyewe kwa kuomba ukurasa mtupu kutoka kwenye anwani maalumu. Ikirudi alama 204, yaani "sawa, hakuna kitu", njia iko wazi. Kikirudi kitu kingine, kuna mtu katikati.

Na hata njia ikiwa wazi leo, kesho ni kesho. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakayumba kwa siku kadhaa. Simu zilikuwa na alama zote juu. Ndugu zetu wa Ghuba nao wanaijua hali nyingine: mtandao ni wa kasi kweli, ila nchi kama Falme za Kiarabu imezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, meseji inakwenda na sauti haiendi.

Kwa hiyo fundi mzuri haulizi simu "kuna mtandao?" na kuamini. Anatuma, anasubiri kwa kiasi, anajaribu tena kwa kupisha, anatunza ujumbe mpaka apate risiti, na muda wote anamwambia mtu ukweli. WhatsApp, iliyoanza 2009, ilipata sehemu ya mapenzi yake kwetu kwa hilo. Saa ndogo: bado iko kwako. Tiki moja: imefika kwenye seva. Tiki mbili: imefika kwenye simu yake. Bluu, iliyoongezwa Novemba 2014, ilileta ugomvi wa aina nyingine kwenye ndoa za watu, lakini hayo ni ya kipindi kingine. Alama hizo ndogo zinampa bibi asiyesoma vizuri kitu ambacho programu nyingi za benki hazimpi: kujua kitu chake kiko wapi.

Kwa nyinyi mnaojenga, na mnaotuma

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mko kwenye kazi hii au mnaisomea. Ombi langu: zima Wi-Fi katikati ya malipo. Ingia kwenye lifti ukiwa umeshabonyeza. Tumia simu ya bei rahisi kwa wiki moja. Halafu soma maneno ambayo programu yako inaandika, na ujiulize kama ni kweli. "Tumepokea ombi lako, hatujapata jibu bado, usitume tena" ni maneno marefu, lakini hayamwibii mtu.

Na sisi tunaotuma tu, tuwe na adabu ya Van Jacobson. Ikikataa, usibonyeze mara ya pili papo hapo. Angalia salio. Ngoja risiti. Mpigie shangazi umuulize kabla hujarudia, hata kama itabidi useme "haloo, unanisikia?" mara kumi. Wazazi wetu hawakuwa na mbwembwe. Kila "nakusikia" yao ilikuwa risiti, na waliitoa bure.